Adesi katika hewa ya Mombasa: kuziweka, na kujua zikiharibika

Tarehe iliyopigwa chapa kwenye pakiti ya adesi haijui Mombasa. Aliyeipiga alikadiria kabati kavu, lenye ubaridi, mbali na bahari. Mimi nakaa Kuze, Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe ya matumbawe ambayo kuta zake hunyonya unyevu mwaka mzima, na kidau cha chumvi kikisahauliwa wazi usiku, asubuhi chumvi imegandana. Kwa hewa hii, adesi ambazo tarehe yake bado iko mbali zaweza kuota koga mwezi wa Mei, na zilizopitwa na tarehe miezi kadhaa zikawa nzima kabisa, kwa sababu ziliingia chomboni zikiwa kavu na chombo kikafungwa kikafungika. Tarehe naisoma, lakini siyo inayonipa hukumu. Ninaloliuliza ni kwamba zilikuwa kavu kiasi gani zilipofungwa, na zimefungwa ndani ya nini.

Nikisema adesi nina maana ya zile ndogo bapa: nyekundu zilizomenywa na kupasuliwa, za supu ya futari na za kupika kwa nazi, na zile nzima za kahawia au kijani ambazo wauzaji wengi huziita kamande. Mengi ya hapa yanafaa vilevile kwa pojo, kunde na mbaazi, na kwa kweli kunde na mbaazi ndizo zinazohitaji uangalizi zaidi, maana fukusi anazipenda mno.

Kazi huanza dukani

Kila ninapokwenda Marikiti, siangalii mdomo wa gunia. Mdomo wa gunia umepambwa, ndio unaouza. Mimi hutia mkono mpaka kiwiko. Wauzaji hawalipendi jambo hili, na mmoja aliniuliza, "Mama, wallahi, unatafuta nini huko chini?" Nikamwambia, "Natafuta joto, mwanangu." Akacheka, lakini alijua ninachosema. Wadudu wakizaliana ndani ya nafaka hupumua, na kupumua kwao hutoa joto na maji. Gunia lililovamiwa huwa na vuguvugu katikati hata kama juu ni baridi. Gunia zuri, mkono ukiingia ndani husikia ubaridi ule wa vitu vikavu, na punje huteleza zenyewe zikakupisha.

Ukiutoa mkono, utazame. Adesi nyekundu zina vumbi lao la asili, la rangi ya chungwa iliyopauka, kwa sababu zimemenywa na kusuguana njiani. Hilo si baya. Vumbi la mdudu ni jeupe la kijivu, lina chengachenga, na hushikilia kwenye mistari ya kiganja. Ukiona na uzi mwembamba unaonata, kama punje tatu nne zimeshikana zikawa kishada, huyo ni nondo; watoto wake husokota utando wanapokula.

Kamande nzima zina mtihani wao. Chukua konzi moja, toka nayo nje kwenye mwanga, uzisambaze kiganjani. Tafuta vitone vyeupe, vidogo kuliko kichwa cha pini, vilivyogandishwa juu ya ganda. Ukivikwangua kwa ukucha vinang'ang'ania. Hayo ni mayai ya fukusi wa kunde, yule ambaye wataalamu humwita Callosobruchus. Yai likianguliwa, funza hutoboa moja kwa moja kuingia ndani ya punje, akala humo, akakua humo, na kwa joto letu baada ya wiki tatu hadi nne anatoka akiwa mdudu kamili, akiacha tundu la mviringo lililokatwa vizuri. Mdudu mwenyewe mkubwa hali kitu. Anatafuta mwenzake, anataga, anakufa. Kwa hiyo siku utakapofungua mkebe ukakuta wanatembea kwenye kifuniko, hasara ilishafanyika wiki zilizopita, na kizazi cha pili kiko tayari juu ya punje zilizobaki. Huyu hupenda punje nzima. Zilizopasuliwa aghalabu humwachia nondo na yule kombamwiko mdogo mwekundu wa unga, ambaye si kombamwiko hasa ila ndivyo tunavyomwita nyumbani kwetu.

Kisha tia punje moja baina ya meno. Kavu hukatika kwa mlio. Yenye maji hubonyea kwanza ndipo ipasuke, na ikibonyea irudishe gunia kwa mwenyewe kwa maneno mazuri.

Kuhusu zile za pakiti: geuza pakiti, gonga kona, utazame unga uliokusanyika chini. Na usidanganyike kwamba tarehe ya kupakiwa ni tarehe ya kuvunwa. Kanada ndiyo inayouza nje adesi nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na kule huvunwa mara moja tu kwa mwaka, kiasi cha Agosti na Septemba. Basi pakiti iliyofungwa Julai imefungwa adesi za mwaka uliotangulia, tena pengine baada ya safari ndefu ya meli. Haimaanishi ni mbovu. Inamaanisha uzee wake ni mkubwa kuliko inavyosema.

Kiasi cha kununua: mwezi mmoja, mwezi na nusu. Mtu wa Mombasa anayeweka adesi za mwaka mzima kwa sababu bei imeshuka, ile nafuu atakuja kuwagawia wadudu. Na nunua kwenye duka ambalo bidhaa haikai, hata kama lina shilingi kumi zaidi. Wiki mbili kabla ya mwezi mtukufu ndio wakati mzuri kuliko wote, gunia hufunguliwa asubuhi likaisha jioni. Baada ya Idi nakuwa mwangalifu sana, maana hapo ndipo mabaki yanapouzwa.

Mtihani wa chumvi

Huu ni mtihani wa wakulima, haugharimu kitu, na nashangaa haufahamiki mjini. Chukua chumvi vijiko vitatu vya mezani, ukaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo mpaka ichezecheze bila kushikana, kisha uiache ipoe ikiwa imefunikwa. Usiruke hatua hii, kwa sababu chumvi ya Mombasa inakuja na maji yake. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ya mdomo mpana, ujaze adesi theluthi moja. Mimina chumvi, funga, tikisa dakika moja, weka chini dakika 15. Ukirudi utazame kioo. Chumvi ikiwa imegandamana kwenye kuta za chupa, au imezivaa punje, unyevu wa adesi umepita asilimia 15, na hizo hazifai kuwekwa. Ikiwa imeshuka yote chini ikalala kavu, unyevu uko chini ya hapo.

Lakini angalia: kwa joto letu ningependa unyevu usizidi asilimia 13. Chumvi inajua kusema "hapana". "Ndiyo" yake ni ya wasiwasi. Ndiyo maana kamande, kunde na mbaazi zote zinazoingia nyumbani kwangu hupanda darini, juu ya paa, kuanikwa kwanza, hata zikiwa zimefaulu.

Darini, na lini

Kaskazi ndiyo rafiki wa kazi hii. Januari mpaka mwanzoni mwa Machi jua ni kali na mvua ni chache, siku moja inatosha. Kusi ikishika, na masika yakimwagika Aprili na Mei, jua hudanganya: linachoma usoni huku hewa imejaa maji, na ukianika kutwa nzima unaziteremsha jioni zikiwa na unyevu uleule. Wakati huo hufanya kazi friza, nitafika huko.

Nazipeta kwanza kwenye uteo, nazichagua mawe, kisha nazianika kuanzia saa 4 asubuhi. Kabla ya hapo kuna umande. Saa 9 alasiri nazianua, kabla upepo wa bahari haujaanza kurudisha ulichochukua. Nazitandaza nyembamba, nazigeuza kwa mkono kila nikikumbuka.

Ukitaka jua lisikaushe tu bali liue, tandika karatasi nzito ya plastiki nyeusi, mwaga adesi kwa unene usiozidi kidole kulala, funika kwa plastiki inayoona, ubanie kingo kwa mawe pande zote. Chini ya plastiki ile joto hupanda kupita nyuzi 60 siku ya jua safi. Fukusi, mayai yake na funza wake hufa wakikaa juu ya nyuzi 57 kwa saa moja. Mimi huacha saa mbili. Plastiki ya juu itatokwa na jasho kwa ndani. Ukiifunua, ifunue taratibu usimwage matone juu ya adesi, kisha uziache wazi zikauke.

Halafu zipoe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri: zinatiwa mkebeni zikiwa bado na moto wa jua, mkebe unafungwa, usiku zinapoa, na maji yaliyokuwa hewani ndani yanatua juu ya punje za juu. Baada ya wiki mbili kuna duara la koga chini ya kifuniko na mtu anasema mkebe ni mbovu. Zitandaze kivulini ndani ya nyumba mpaka kiganja kisisikie joto, ndipo uzitie.

Adesi nyekundu sizianiki isipokuwa lazima. Jua hupausha rangi yake, na zile za kiwandani mara nyingi huwa zimeshakaushwa vya kutosha.

Friza

Wiki moja kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri huua wadudu wa kila umri, yai mpaka mdudu mkubwa. Gawa kilo moja moja, bapa, ili baridi ifike katikati. Friza za nyumbani zinafunguliwa kila mara na watoto wanaotafuta barafu, kwa hiyo usipunguze wiki.

Kutoa ndiko kwenye ujanja. Mfuko ukitoka frizani usiufungue. Uache mezani, umefungwa vilevile, mpaka kesho yake. Hewa ya Mombasa ikigusa kitu baridi huloa papo hapo, tazama gilasi ya maji baridi, na ukifungua mapema umezinywesha maji adesi zako zote kwa dakika moja. Maji yatue nje ya mfuko, uyapanguse, ndipo ufungue.

Chombo

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Kenya mwezi wa Agosti 2017, adesi za kupima mara nyingi huja nyumbani ndani ya karatasi ya kaki. Karatasi ni ya safari tu. Usiiache kabatini hata siku mbili.

Kipenzi changu ni chupa ya soda ya lita 2. Ni ya bure, haipitishi hewa, unaona ndani, na huingia karibu kilo moja na nusu. Ioshe, uipindue siku mbili tatu mpaka hakuna hata ukungu wa mvuke ndani, jaza kwa mrija wa karatasi, gonga chini adesi zilale, ongeza mpaka shingoni, kaza kifuniko. Kujaza mpaka shingoni si ubahili wa nafasi. Hewa ikiwa ndogo, mdudu aliyeponea hutumia oksijeni yote iliyomo, akaacha kula, akaacha kuzaa, akafa. Kanuni hiyohiyo ndiyo ya magunia ya PICS, ya tabaka tatu, mifuko miwili mizito ya plastiki ndani ya gunia la nje, yaliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipokuwa wakishughulikia kunde za wakulima wa Kameruni miaka ya 1980. Anayepika harusini na kununua kwa gunia, huo ndio mfuko wake. Kila tabaka lifungwe shingo yake peke yake baada ya kukamuliwa hewa. Ukizifunga zote kwa kamba moja hujafunga.

Ndoo za mafuta ya kupikia zenye kifuniko cha kubana ni nzuri, mradi harufu ya mafuta imetoka. Mikebe ya biskuti ni mizuri kwa macho. Kama unaipenda, ijaribu: ifunge ikiwa tupu, izamishe kichwa chini ndani ya karai la maji, ukiona mapovu yanapanda basi hewa inaingia pia. Mingi hutoa mapovu.

Mahali: juu ya ubao, si sakafuni, mbali na ukuta unaotazama bahari, mbali na mvuke wa jiko, wala si juu ya friji, maana mgongo wa friji una moto. Gizani ni bora, kwa kuwa kamande za kijani zikipigwa mwanga hugeuka kahawia.

Mwarobaini, mafuta, na vidonge

Mavyaa wangu ni mtu wa Lamu na hafungi chombo cha kunde bila majani ya mwarobaini, yaliyokaushwa kivulini, tabaka chini, tabaka katikati, tabaka juu. Simbishii. Harufu ile huwafukuza wanaotaka kuingia. Lakini aliyekwisha kuwa ndani ya punje hana habari na jani, kwa hivyo mwarobaini uje baada ya jua au friza, si badala yake. Na majani yawe makavu ya kuvunjika. Jani bichi ni maji. Karafuu na pilipili kali kavu hufanya kazi kama hiyo kwa kiasi, ila supu itakusimulia.

Mafuta ya kupikia yana nguvu kuliko majani. Kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya kamande au kunde, uzisugue kwa mikono mpaka kila punje ing'ae kidogo. Mafuta huziba yai lisipumue. Ndiyo sababu kwenye maduka ya Kihindi utakuta mbaazi zilizopasuliwa zinazoteleza, zimepakwa mafuta ya mbarika, na hizo huoshwa kwa maji ya moto kabla ya kupikwa. Udhaifu wake ni kwamba mafuta yenyewe huchacha kwa joto, kwa hiyo nayatumia kwa zitakazoliwa ndani ya miezi mitatu.

Vidonge vya ghala, vile vya kijivu vinavyouzwa kienyeji kwa jina la dawa ya fukusi, visiingie nyumbani. Ni fosfidi ya alumini. Vikigusana na unyevu wa hewa, na hapa unyevu haukosekani, hutoa gesi ya fosfini inayopenya chini ya mlango na kuua watu waliolala chumba cha pili. Haina dawa ya kuipinga. Mwenye ghala lililosajiliwa, tena ana fundi aliyefunzwa, ana nafasi yake. Mwenye kilo tano za kunde uvunguni hana.

Kujua zimeharibika

Pua kwanza, lakini si kwa kuchungulia mkebeni. Adesi kavu huficha. Tia kijiko kimoja ndani ya kikombe, mwagia maji yanayochemka, funika kwa kisahani dakika moja, kisha funua ukiwa umeinamia. Adesi nzima hunuka udongo na ubichi wa kunde, harufu ya heri. Zenye koga hunuka gunia lililonyeshewa. Zilizochacha mafuta yake hunuka mafuta ya kukaangia yaliyolala siku nyingi, na ukionja moja ina uchungu unaobaki nyuma ya ulimi.

Koga haina mjadala. Ukiona unyoya mweupe, kijani au mweusi, au punje zimegandana donge na donge likipasuliwa linatoa vumbi, tupa zote zilizomo chomboni, na usivute pumzi juu yake. Najua ugumu wake. Kuna mtu atasema nitatoa zile za juu, nitaosha, nitaanika. Sumu ya baadhi ya koga huenea pasipoonekana, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota koga katika sehemu za Ukambani yaliwapa watu 317 ugonjwa wa sumukuvu, wakafa 125. Yalikuwa mahindi, si adesi, lakini koga yenyewe haichagui nafaka iliyohifadhiwa mbichi. Wala usiwape kuku. Kuku hudhurika pia, na mayai yake ni yako.

Mdudu ni mwepesi kuliko koga. Tundu chache, hakuna harufu, hakuna donge: mwaga adesi kwenye bakuli la maji, zikoroge vizuri ili hewa iliyozishika iwachilie, ngoja kidogo. Zilizoliwa ndani huelea. Ziondoe, osha zilizozama mara mbili tatu, zipike leo. Zilizoelea zikikaribia robo ya konzi uliyotia, mimi hutupa zote, kwa sababu zilizobaki zina kinyesi na unyevu wa wadudu, na baada yao hufuata koga. Hizi kuku wale, kama hazina harufu.

Unga wa dengu, ule wa bajia na viazi karai, huharibika kabla ya punje yoyote. Ukisagwa, mafuta yake yote yako wazi kwa hewa. Usiukague kwa tarehe, lamba kidogo. Ukiwa na uchungu, bajia zitakuwa chungu na wateja watadhani ni mafuta yako. Uweke kwenye friji, chupani, na ununue wa mwezi mmoja.

Kisha kuna adesi zilizozeeka bila kuharibika. Kamande zilizokaa kwenye joto na unyevu hubadilika ndani, ganda na nyama yake vikakataa maji, ukachemsha saa nzima gesi ikaisha na bado zinalia chini ya jino. Hazina madhara. Ziloweke usiku kucha ndani ya friji kwa maji yenye magadi ya kubana kwa vidole viwili, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya, na usitie ukwaju, ndimu wala nyanya mpaka zilainike, maana uchachu huzifanya zikaze zaidi. Usizichanganye na mpya: mpya zitakuwa uji na za zamani bado mawe. Povu la kijivu linalopanda mwanzo wa kuchemsha si ubovu, liengue tu. Wala rangi nyekundu kugeuka manjano chunguni si ubovu, ndivyo zilivyo.

Zilizoloweka na zilizopikwa

Hapa ndipo tumbo linapoumia kweli. Adesi kavu hukupa wiki za kufikiri. Zilizoshika maji hukupa saa.

Adesi nyekundu haziloweki, zioshe uzipike. Kamande zikilala ndani ya maji jikoni usiku wa Februari, alfajiri utakuta vipovu vidogo vinapanda vyenyewe bila kuguswa, maji yanateleza kwenye vidole na kuna harufu ya uchachu. Zimeanza kuchacha. Dengu za bajia mimi huzitia maji baada ya adhuhuri, nikazisaga baada ya alasiri, nikakaanga papo hapo. Haziwahi kuharibika kwa sababu hazipewi nafasi.

Zikishapikwa, saa 2 nje ya friji, na siku za kaskazi joto likipita nyuzi 32 saa 1 tu. Najua hili linagongana na desturi yetu ya Ramadhani. Supu imepikwa kabla ya magharibi, watu wamefuturu, sufuria imefunikwa ikaachwa jikoni, na saa 10 alfajiri inapashwa moto kwa daku. Saa tisa nzima ndani ya joto! Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambao mbegu zake hustahimili kuchemka. Supu ikipoa polepole huamka, huzaana, na sumu inayotapisha wanayoiacha haiondoki kwa kupasha moto tena. Supu ya daku itengwe kabla hata ya watu kukaa: mimina kwenye bakuli pana, kina cha vidole vitatu, lizamishe chini kwenye karai la maji baridi ukikoroga, mvuke ukiisha funika uingize kwenye friji. Sufuria nzito iliyofunikwa hubaki na vuguvugu katikati usiku kucha.

Ndani ya friji zinakaa siku 3. Za nazi mimi huzipa 2, tui halina subira. Kwenye friza miezi 2 au 3, na ni afadhali kugandisha adesi tupu na kutia tui siku ya kula. Stima ikikatika, friji isiyofunguliwa hushika baridi saa 4. Friza iliyojaa saa 48, iliyo nusu saa 24. Andika saa ya kukatika kwenye karatasi, ubandike mlangoni, watoto wasifungue.

Tui kujitenga juu si dalili ya ubovu. Dalili ni vipovu kwenye kitu kilichopoa, harufu kali ya uchachu ambayo hukutia ndimu, na ute: chota kwa kijiko, inua, kikiacha uzi unaovutika mwaga. Usionje kuthibitisha. Na kama zimelala nje usiku kucha hazina dalili yoyote, mwaga vilevile, kwa maana sumu ile haina harufu. Za mkebe wa dukani uliovimba, usiufungue kabisa.

Chombo kikiisha, usiongeze mpya juu ya za zamani. Konzi iliyobaki chini ndiyo iliyokaa zaidi na ndiyo yenye yai kama lipo, ipike kwanza. Osha chombo kwa maji ya moto na sabuni, pitisha mswaki wa zamani kwenye njia za kifuniko, pale unga unapojificha, ukianike kikiwa wazi kutwa nzima. Ukishajaza tena, bandika utepe uandike mwezi ulionunua na duka, ili zikitoka na wadudu ujue gunia la nani la kutia mkono mpaka begani.